Aogopaye Mteremko

(Mazungumzo ya asubuhi redioni, yaliyochapwa hapa kwa ajili ya wasomaji walioyaomba)

Leo nataka tuzungumze juu ya baiskeli. Najua wapo watakaosema, “Huyu mzee sasa ameishiwa na maneno.” Lakini kaeni nami kidogo. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho hakuona aibu kuwatajia wapiga mbio na wapiga ngumi. Alijua anasema na nani. Karibu na mji wa Korintho, kila mwaka wa pili, palikuwa na michezo mikubwa ya Isthmia, na mshindi alivikwa taji la majani tu, majani ambayo baada ya siku chache yalinyauka. Watu wale walikuwa wameyaona mashindano kwa macho yao.

Na sisi je? Ni nani katika Kenya asiyeijua baiskeli? Wengi wetu tulijifunza kwa kupitisha mguu chini ya ule mti wa juu, kwa kuwa kiti kilikuwa mbali mno. Baba zetu walipanda zile nyeusi nzito tunazoziita Black Mamba, wakabeba maziwa, magunia ya mahindi, hata mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Kule Busia vijana walizifanya kuwa kazi, wakavusha watu mpakani, na kutoka huko tukapata neno boda boda. Basi nikisema baiskeli sisemi kitu cha kigeni.

Barua imetujia kutoka kwa kijana mmoja wa upande wa Bonde la Ufa. Jina lake sitalitaja. Anasema anafanya kazi katika duka la mjomba wake, naye aliweka akiba miezi mingi akanunua baiskeli ya mashindano iliyokwisha kutumika. Amejiandikisha katika mashindano ya barabarani ya ridhaa, yaani ya watu wasiolipwa, mwendo wa kilomita kama mia moja. Siku moja alikuwa akijizoeza katika ule mteremko wa kutoka Iten kwenda Tambach na Bonde la Kerio. Wanaoijua barabara ile wanajua jinsi inavyojikunja. Katika kona moja akakutana na lori, akashika breki ghafula, akaanguka. Mifupa haikuvunjika, lakini ngozi ya mkono na ya paja ilibaki kwenye lami. Tangu siku ile, anasema, barabara ikianza tu kuelekea chini, vidole vyake vinakauka juu ya breki na moyo unapiga kama ngoma.

Tena anakumbuka habari za Suleiman Kangangi. Wengi wenu mnazikumbuka. Mwezi wa Agosti mwaka 2022, Mkenya mwenzetu huyo, nahodha wa timu iitwayo Amani, alianguka akiwa katika mwendo wa kasi katika mashindano ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani, akafariki dunia. Alikuwa mtu mzima mwenye ujuzi mwingi, naye alikuwa amewafungulia njia vijana wengi wa Afrika ya Mashariki. Kijana wetu anauliza: ikiwa mtu kama yule alianguka, mimi ni nani? Mama yake anamwambia aiuze baiskeli. Rafiki zake wanamcheka. Naye anamalizia barua kwa maswali mawili. La kwanza, je, hofu hii ni ukosefu wa imani? La pili, je, nijitoe?

Haya ni maswali mazito, na sipendi kuyajibu kwa neno moja la haraka.

Juu ya lile la kwanza, nadhani tumewaonea watu wengi kwa kuwaambia kwamba mwamini haogopi. Hebu itazameni Biblia. Kila mahali ambapo mtu anaambiwa asiogope, huyo anayeambiwa huwa ameshaogopa tayari. Yoshua aliambiwa hivyo kwa kuwa mto ulikuwa mbele yake na Musa amekufa. Wachungaji kule makondeni walikuwa wamekwisha kutetemeka. Maneno hayo hayasemwi kwa mtu aliyekaa raha mustarehe. Basi kijana wangu, kuogopa kwako hakujakutoa katika hesabu ya waamini. Kumekuonyesha tu kwamba una mwili, na mwili wako unakumbuka lami.

Tena mwili hufanya kazi yake kwa njia ambayo si fumbo. Ukiona hatari, moyo huongeza mapigo, pumzi huwa fupi, damu hukimbilia misuli mikubwa ya miguu na mikono, na macho hukodolea kitu kimoja tu. Mungu alituumba hivyo, na mambo hayo yote ni mema ukifukuzwa na nyati. Juu ya baiskeli yanaweza kuwa taabu, maana baiskeli inataka mikono milegevu na macho yanayotazama mbali. Hiyo ndiyo sababu mtu mwenye hofu huanguka upesi kuliko wengine. Anaogopa kuanguka, na hofu yenyewe inamkaza mpaka anaanguka.

Sasa lile swali la pili, la kujitoa. Kabla ya kulijibu nataka kuwapeleka mbali kidogo, mpaka Afrika Kusini, katika mji wa Cape Town. Nimeyachagua mashindano ya huko kwa sababu wanaoyapanda ni watu kama huyu kijana: walimu, makarani, mafundi, akina mama, wazee waliostaafu. Wale wenye kasi wako mbele kabisa na hatuwaoni tena. Waliobaki, maelfu kwa maelfu, wanashindana na barabara na nafsi zao.

Mashindano hayo yalianza hivi. Mwaka 1977 wapenda baiskeli wa mji ule, wakiongozwa na Bill Mylrea na John Stegmann, walikusanyika na baiskeli zao kuomba watengenezewe njia za baiskeli, maana magari yalikuwa yakiwasukuma kando. Mwaka uliofuata, 1978, wakafanya mashindano ya kuizunguka rasi yao, watu wapatao mia tano. Siku hizi huandikishwa watu maelfu kwa maelfu, na mwendo ni kilomita 109. Wanatoka mjini asubuhi na mapema, wanafuata bahari ya upande mmoja kupitia Muizenberg na Simon's Town, wanavuka karibu na ncha ya rasi, kisha wanarudi kwa bahari ya upande wa pili kupitia Chapman's Peak na Hout Bay. Hii barabara ya Chapman's Peak ilichongwa katika jabali kati ya mwaka 1915 na 1922, nayo ina kona 114 katika kilomita 9 tu. Upande mmoja ni ukuta wa mawe, na upande wa pili bahari iko chini yako. Mwenye hofu ya mteremko, hapo ndipo mahali pake pa kupimwa.

Lakini jambo linalowatisha wale wenyeji kupita kona zote ni upepo. Wakati wa kiangazi huvuma upepo mkali kutoka kusini-mashariki, nao wameupa jina la “daktari wa Cape,” kwa kuwa huupeperusha uchafu wa hewa juu ya mji. Daktari huyo anapokasirika humwangusha mtu aliyesimama.

Siku ya Jumapili tarehe 12 Machi mwaka 2017 watu walifika mwanzo wa mbio kama kawaida. Wengine walikuwa wamejizoeza mwaka mzima. Wengine walikuwa wamepanda ndege kutoka Ulaya. Upepo ulikuwa ukivuma kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Watu walionekana wakiburutwa pamoja na baiskeli zao, wengine wakizishikilia zinaelea hewani kama bendera. Tena mwisho wa juma huohuo moto ulikuwa umeunguza nyumba nyingi za maskini huko Hout Bay, kando ya njia ile ile ya mbio. Wasimamizi wakakaa, wakafikiri, wakayafuta mashindano. Watu wapatao 35,000 waliokuwa wamejiandikisha wakarudi nyumbani bila kuyamaliza.

Nawauliza, ndugu wasikilizaji, je, wasimamizi wale walikuwa waoga? Mimi nasema hapana. Walisikia hofu, wakaiuliza swali, ikawajibu kweli. Mwaka uliofuata mbio zikaendelea tena.

Kwa hiyo ziko hofu za namna mbili, na mtu mwenye hekima huziweka mbali moja na nyingine. Hofu ya kwanza ina habari ndani yake. Inasema breki yako ya nyuma imeisha mpira. Inasema lami imelowa, au kona ile ina mchanga, au kichwa chako hakina kofia. Hofu ya namna hii itii mara moja. Mwaka 2003 mwendeshaji mmoja mashuhuri wa Kazakhstan, Andrey Kivilev, alianguka katika mashindano ya Paris–Nice huko Ufaransa, akafa kwa kuumia kichwa. Hakuwa amevaa kofia. Mwaka huohuo chama cha baiskeli cha dunia kikatoa amri ya kuvaa kofia katika mashindano yote makubwa. Walikuwa wamekataa kwa miaka mingi, wakisema zinatia joto. Joto!

Hofu ya pili haina habari yoyote. Inasema tu, “Huwezi. Utaanguka. Watakucheka. Utakuwa wa mwisho.” Ukiiuliza kwa nini, inarudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Hii usiitii, wala usibishane nayo sana. Mpe mwili kazi ya kufanya, nayo itanyamaza kidogo kidogo.

Na mama wa kijana? Nisimsahau. Ndugu yangu, usimdharau mama yako. Hofu yake ni ya namna gani? Mimi nafikiri ina habari ndani yake, kwa maana ameuona mkono wako uliochubuka, na jioni anasikia redioni habari za barabara zetu. Kaa naye, mwonyeshe kofia yako, mwonyeshe breki mpya, mwambie siku ya mbio barabara itafungwa au haitafungwa. Ikiwa haitafungwa, na malori yatapita katikati yenu, basi mama yako yuko upande wa kweli, nami namuunga mkono. Waulize wasimamizi wenu jambo hilo kabla hujalipa shilingi yoyote. Mashindano ambayo hayana polisi barabarani wala gari la wagonjwa hayafai kukimbiwa na mtu, hata awe na imani ya kuhamisha milima.

Lakini tuseme barabara imefungwa na kila kitu kiko tayari. Imebaki ile hofu ya vidole kukauka. Hapa nitasema kwa urefu, maana nimewauliza watu wanaofundisha vijana mchezo huu, nao wameniambia mambo ambayo yangefaa hata mtu anayeshuka na debe la maji nyuma ya baiskeli.

Jambo la kwanza ni macho. Baiskeli huenda mahali macho yanapotazama. Ukilitazama shimo, utaingia shimoni. Ukiutazama ukingo wa barabara na korongo lililo chini, usukani utajipinda polepole kuelekea huko, bila wewe kutaka. Dawa yake ni kuinua kichwa na kuitazama ile sehemu ambako kona inaishia, mahali unapotaka kutokea. Mnamkumbuka Petro juu ya maji? Alitembea vizuri alipokuwa akimtazama Yesu, lakini alipoutazama upepo ndipo akaanza kuzama. Upepo haukuanza dakika ile. Ulikuwepo tangu alipotoka chomboni. Kilichobadilika ni macho yake.

Jambo la pili ni breki, na hapa wengi tumefundishwa vibaya. Tangu utoto tumeambiwa, “Usiguse breki ya mbele, itakurusha.” Kweli, ukiibana kwa ghafula itakurusha. Lakini unapopunguza mwendo uzito wote husogea mbele, na gurudumu la mbele ndilo linaloshika barabara. La nyuma huwa jepesi, likibanwa peke yake huteleza. Basi tumia zote mbili, kwa kubana polepole na kuongeza nguvu kidogo kidogo, huku ukisogeza makalio nyuma ya kiti. Na ufanye hivyo kabla ya kona, wakati baiskeli ingali imesimama wima. Ukiisha kuinama ndani ya kona, ziachilie. Kijana wetu alibana katikati ya kona, ndiyo sababu barabara ilimtoka. Simlaumu kwa lori. Ila kama angalikuwa amepunguza mwendo mapema, angalikuwa na nafasi ya kulipisha.

Tena tupige hesabu kidogo. Mtu anayeteremka kilomita 60 kwa saa anapita karibu mita 17 kila sekunde. Akiona ng'ombe akashtuka kwa sekunde moja, ameshakwenda mita 17 kabla hajafanya neno. Na ukizidisha mwendo mara mbili, nafasi ya kusimama haizidi mara mbili; huzidi mara nne. Kwa hiyo atakayeshuka kwa kilomita 30 badala ya 60 anahitaji robo tu ya nafasi ile ya kufungia breki. Hakuna haya katika kushuka polepole. Mashindano ya ridhaa hayashindwi katika mteremko, lakini mifupa huvunjikia huko.

Lakini msishike breki tangu juu mpaka chini bila kuziachia. Ringi hupata moto, na katika mteremko mrefu joto laweza kupasua tyubu. Bana, achia, bana, achia. Kuachia huko kunampa mwoga nafasi ya kuvuta pumzi. Na pumzi yenyewe itoe kwa urefu kuliko unavyoivuta. Mtu anayetoa pumzi ndefu, moyo wake hupunguza mbio, na mabega hushuka yenyewe.

Mara nyingine, katika kasi, usukani huanza kutetemeka kwa nguvu kana kwamba umeingiwa na pepo. Hapo kila mtu hukaza mikono, na kukaza huko huongeza mtetemo. Banisha magoti kwenye ule mti wa juu, legeza vidole, shusha mwendo taratibu. Utatulia. Nimeambiwa na watu waliokwisha kupatwa nalo kwamba kulijua jambo hili kabla ya siku yenyewe ni nusu ya dawa.

Na njia ya kuiondoa hofu mwilini ni kurudi katika mteremko mdogo. Usirudi Tambach kesho. Tafuta kilima ambacho mtoto hawezi kukiogopa, ukishuke mara kumi asubuhi moja. Juma lijalo tafuta kirefu kidogo. Mwili hausadiki maneno. Husadiki mambo uliyokwisha kuyatenda mara nyingi bila kuumia. Wapo wanaotaka hofu iondoke kwanza ndipo waanze. Wataketi sana.

Juu ya kuwa katika kundi nitasema kwa ufupi. Katika mwendo wa kasi barabarani adui mkubwa ni hewa, na anayekaa nyuma ya mwenzake huokoa nguvu nyingi, hata robo au theluthi. Hiyo ndiyo sababu wapanda baiskeli husogeleana, na wageni huogopa. Usitazame gurudumu la aliye mbele yako, tazama mgongo wake na zaidi ya mgongo wake. Usigonganishe gurudumu lako la mbele na lake la nyuma, kwa maana atakayeanguka ni wewe. Zamu yako ya kukaa mbele ikifika, kaa mbele kidogo, kisha upishe. Yule anayejificha nyuma ya wengine siku nzima na kuchomoka mwishoni, hata sisi kanisani tunamfahamu.

Sasa tuje katika kuvumilia. Watu hudhani kwamba anayeshindwa kumaliza kilomita mia ameshindwa na moyo. Mara nyingi ameshindwa na tumbo. Mwili huweka sukari yake katika ini na misuli, na mtu anayefanya kazi ya nguvu huimaliza katika saa moja na nusu au mbili hivi. Ikiisha, jambo la ajabu hutokea. Miguu huwa kama ya mtu mwingine, jasho baridi hutoka, na mawazo hugeuka kuwa meusi. Mtu huyo anaweza kuketi kando ya barabara na kulia, akasema maisha yake yote ni bure, na kumbe anachohitaji ni ndizi mbili.

Msicheke. Nabii Eliya alimkimbia Yezebeli kwa hofu, akaenda mwendo wa siku moja jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Malaika alipokuja hakumhubiria. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili akampa chakula, akamweleza kwamba safari iliyo mbele yake ni kubwa. Ndipo akainuka, akaenda siku arobaini. Mimi huwaza sana juu ya habari hii kila ninapoitwa kumwona mtu aliyekata tamaa. Huuliza kwanza kama amekula.

Basi kijana, kula kabla hujasikia njaa, kunywa kabla hujasikia kiu. Ndizi moja kila nusu saa itakutosha, au kiazi kitamu kilichochemshwa na kukatwa vipande. Maji usinywe kwa pupa mara moja, bali mafunda machache kila baada ya dakika kumi au kumi na tano. Na usijaribu chakula kipya siku ya mbio, hata kikitangazwa vipi.

Turudi Cape Town, tumalizie safari yao. Baada ya kilomita kama 90, mtu akiwa amekwisha kuipita Chapman's Peak na kuona kwamba hajaanguka baharini, anafika Hout Bay akidhani amemaliza. Hapo kinamngoja kilima kiitwacho Suikerbossie. Si kirefu, kama kilomita 2 tu. Mtu wa Nyeri au wa Elgeyo angekipanda asubuhi bila kukitaja. Lakini kimewekwa mahali ambapo miguu haina kitu tena, jua liko juu, na mtu amekaa kitini saa nne au tano. Ndicho kilima kinachosimuliwa kuliko vyote.

Wanaokipanda vizuri wana desturi moja. Hawatazami juu kileleni. Wanaingia katika gia nyepesi mapema, kabla kilima hakijawalazimisha, wanaanza polepole kuliko wanavyotaka, nao wanatazama kitu kilicho karibu: nguzo, mti, mtu mwenye mwavuli. Wakikifikia wanachagua kingine. Wengine wanashuka na kuisukuma baiskeli kwa miguu, na hakuna kanuni inayowakataza. Mwaka 2016, katika mbio za Ufaransa, Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kujifunza baiskeli hapa kwetu Kikuyu kwa David Kinjah, alivunjikiwa na baiskeli katika mlima wa Ventoux baada ya pikipiki kuwazuia njia. Akaanza kupanda mlima mbio kwa miguu, na viatu vyake vya baiskeli, katikati ya watu wanaopiga kelele, mpaka akaletewa baiskeli nyingine. Mbio za mwaka ule akazishinda. Ikiwa yeye alitembea, mwalimu wa shule aliyechoka asione haya kutembea Suikerbossie.

Tena huwa hawako peke yao. Wenyeji hukaa kando ya kilima na viti vyao na muziki, wanawamwagia maji, na wengine huweka mkono mgongoni mwa mtu asiyemjua na kumsukuma hatua chache.

Mashindano yana kikomo cha saa saba. Nyuma ya watu wote linakuja gari, na atakayefikiwa nalo hupandishwa pamoja na baiskeli yake, akapewa maji na kurudishwa mjini. Katika mbio kubwa za Ufaransa, mtu wa mwisho huitwa kwa jina la ile taa nyekundu inayotundikwa nyuma ya behewa la mwisho la gari moshi, na watazamaji humshangilia sana, maana kila mtu aliyejitoa njiani ameshindwa na yeye. Kule Cape Town wa mwisho huingia mchana, wakati wa kwanza wameshakula na kulala. Hupewa nishani ile ile ya kumaliza. Na muda wao huandikwa, hata ukiwa saa sita na dakika hamsini, kwa kuwa muda huo ndio utakaotumiwa kuwapangia kundi la kuanzia watakapojiandikisha tena.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka juma lijalo saa kama hii.